Sukari ya Shemeji

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani mosi. Mvua imepiga tangu alfajiri na maji ya Mtaa wa Sikukuu yamepanda hadi ngazi ya pili ya nyumba. Nimefundisha tuisheni Ilala vipindi viwili: homoni, kidato cha sita. Wanafunzi kumi na mmoja. Watano walisinzia.

Jumatano, 13 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Leo saa kumi alasiri shemeji Ridhiwani alitaka kuua mtu.

Niandike kwa mpangilio. Nilikuwa uani na dada Moza tunakuna nazi ya futari. Mlango wa mbele ukasukumwa, wakaingia wabeba mizigo wawili wa kule kwenye bucha lake, wamemkamata shemeji kwapani huku na huku. Koti lake jeupe lilikuwa limelowa chapachapa. Nikadhani ni mvua, kumbe jasho.

"Dada, mtu wenu kalewa," mmoja akasema huku anahema. "Mwezi mtukufu huu! Kamrushia mteja shoka la mifupa. Yule mama asingeinama, saa hizi tungekuwa tunaokota kichwa."

"Ridhi hanywi," dada akasema.

Ndipo Ridhiwani akawakung'uta wale wanaume wawili, akamrukia dada na kumkaba shingo. Vidole vyake vilikaa juu ya kovu la operesheni, pale walipomtoa tezi mwaka jana. Kichwa cha dada kikagonga ukuta mara mbili. Severa, fundi cherehani wa chumba cha mbele, mwanamke wa Mbinga mwenye mabega ya kubebea magunia, alitoka na rula yake ya mbao akamchapa mikononi. Hakuachia. Severa akatupa rula, akamkumbatia kwa nyuma, wakaanguka pamoja kwenye tope.

Mimi nilikuwa nimesimama tu. Nilikuwa namtazama macho. Yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakimwona mtu. Midomo myeupe. Vidole vinatetemeka. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni asubuhi.

"Mshike hivyo hivyo!" nikamwambia Severa. Nikakimbilia kabati la dada, nikaitoa mashine ya kupimia sukari ambayo shemeji haigusi. Nikamchoma kidole. 2.1. Mtu mzima anatakiwa awe na nne au zaidi. Nikakoroga sukari ya kufuturia kwenye kikombe cha maji, nikambana taya na kummiminia. Aliniuma kidole mpaka kikatoka damu. Nikaendelea kummiminia.

Baada ya dakika kumi na tano akakaa, akatazama tope miguuni, akauliza kwa upole kabisa, "Mbona mmenikalisha chini?"

Kumbe wakati wa daku alijichoma dozi yake yote ya insulini kama siku za kawaida, kisha akafunga. Insulini haijui Ramadhani. Kazi yake ni kuiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli na ini, na itafanya hivyo hata kama hakuna chakula kinachoingia. Mwili wenye afya una homoni ya pili, glukagoni, inayoliamuru ini lirudishe sukari damuni. Kwa mtu aliyeumwa kisukari miaka kumi na miwili kama yeye, ile ya pili huchoka, haijibu. Inabaki adrenalini, homoni ya kupigana na kukimbia. Ubongo hauna chakula, na mkono umejaa vita.

Nilimweleza hivyo. Akalia. Akamshika dada miguu. Nikasema mimi, kabla ya dada kufungua kinywa: "Si wewe, shemeji. Ni sukari." Naandika sentensi hiyo kwa fahari kidogo, maana nadhani leo elimu yangu imeokoa watu wawili.

Severa alikuwa anakamua tope kwenye kanga yake. "Leo kweli haikuwa yeye," akasema. "Nilimshika, nimeona. Na ile ya Januari, alipomng'oa dada yako jino?"

"Huenda nayo ilikuwa sukari," nikamjibu.

"Haya, mwalimu."

Ijumaa, 15 Machi

Daktari alimwambia zamani asifunge. Nimemkumbusha. "Shemeji, mimi nauza nyama Kariakoo," akasema. "Waislamu watupu. Wakiniona natafuna mchana, nani atanunua kwangu? Watasema hata kuchinja kwangu kuna mashaka." Tumekubaliana apunguze dozi ya daku, nami nimpime kila alasiri nikiwepo. Nimechora chati kwenye karatasi ya grafu. Saa upande wa chini, sukari upande wa kushoto, na safu ya matukio.

Jumamosi, 16 Machi

5.8. Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Niliporudi kutoka Ilala nilimkuta dada ana mchubuko juu ya jicho. Ridhiwani alikuwa kwenye mkeka anasoma. Akainua kichwa: "Sukari ilishuka, shemeji. Ghafla tu." Sikuwepo kupima. Kwenye chati nimeandika: imeshuka (makadirio).

Jumanne, 19 Machi

6.1. Umeme ulikatika saa nane, ukarudi saa tatu.

Jumatano, 20 Machi

Baada ya futari shemeji aliuliza kuhusu vidonge vya dada, vile vya kwenye kopo jeupe. Nilifurahi. Ni mara ya kwanza kumwona anataka kujua ugonjwa usio wake. Nikamchorea shingo kwenye ukingo wa gazeti. Nyuma ya ile tezi kubwa aliyotolewa dada kuna tezi nne ndogo kama punje za mtama. Kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu. Ikipungua, tezi hizo hutoa homoni inayoiagiza mifupa ifungue akiba yake. Za dada ziliharibika kwenye operesheni.

"Mifupa yake imejaa kalsiamu," nikasema. "Ni ghala lililojaa, ila mwenye ufunguo hayupo. Ndiyo maana anameza vidonge kila siku."

"Asipomeza?"

"Midomo inaanza kuchonyota, kisha mikono inakakamaa. Ikizidi, hata koo linaweza kujifunga."

"Baada ya siku ngapi?"

"Mbili, tatu. Inategemea."

Alitikisa kichwa polepole. "Umesoma, shemeji," akasema. Dada aliondoa sahani kabla sijamaliza kula.

Alhamisi, 21 Machi

6.6.

Ijumaa, 22 Machi

Amempiga dada kwa mwiko wa ugali. Mgongoni, mara sita au saba, mlango ukiwa umefungwa. Mimi nilikuwa bafuni. Nilipotoka alikuwa ameshakaa. "Ilishuka," akasema. (Makadirio.)

Severa alikuwa kizingitini mwake, pini mdomoni. "Sukari gani hiyo inayofunga mlango kwanza?"

Nikamwambia asiingilie mambo asiyoyasomea. Najua ni sentensi mbaya. Nilikuwa na hasira, kwa sababu alikuwa ananiharibia chati.

Jumamosi, 23 Machi

Nilipotoka kuoga dada hayupo. Ameondoka na begi moja hadi kwa mjomba Abbasi, Magomeni. Severa, aliyemwona akitoka, anasema mdomo wake wa chini umepasuka. Sikuona ilivyotokea. Makadirio.

Jumapili, 24 Machi

Kikao.

Kilifanyika sebuleni kwa mjomba Abbasi, baada ya adhuhuri. Upande wetu mjomba, upande wao Mzee Shaibu, baba mdogo wa Ridhiwani, ambaye ndiye aliyekuja kuposa miaka sita iliyopita. Ndivyo desturi yetu: waliokuoza ndio wanaokuamua. Ridhiwani alikaa chini kwenye mkeka kama kijana wa madrasa. Dada alikaa karibu na mlango wa jikoni, leso imefunika mdomo.

"Semeni," Mzee Shaibu akasema.

Dada alisema maneno machache. "Ananipiga. Nimechoka. Nataka talaka yangu."

Ridhiwani hakukanusha. Aliinamisha kichwa. "Nampiga, baba mdogo. Siwezi kusema uongo nimefunga. Lakini mimi mwenyewe sijui ninapompiga. Mwalimu hapa ni shahidi."

Wote wakanigeukia. Nikatoa chati.

Niliongea vizuri. Lazima nikiri kwamba niliongea vizuri. Niliwaeleza insulini na glukagoni kwa mfano wa mizani, kongosho na ini, jinsi ubongo unavyokosa chakula na mwili unavyomwaga adrenalini. Niliwaonyesha 2.1. Mjomba Abbasi alivaa miwani, akafuata mstari kwa kidole. Hakuna aliyeuliza maana ya neno makadirio. Mzee Shaibu alinisifu: "Mashallah, Tatu. Hiki ndicho tulichowasomeshea."

Kisha akamgeukia dada. "Mwanangu Moza, umesikia. Mume si mkatili, ni mgonjwa. Angekuwa na kifafa ungemwacha? Mgonjwa hakimbiwi. Rudi nyumbani, mdogo wako amsaidie kumpima. Baada ya Idi, tukiona hapana nafuu, tutakaa tena."

Dada hakumtazama mzee. Alinitazama mimi. Nikadhani ananishukuru.

Jumatatu, 25 Machi

Amerudi. 5.9. Mvua.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna tukio.

Jumatano, 27 Machi

Kofi. "Ilishuka."

Alhamisi, 28 Machi

Amemvuta nywele kutoka jikoni hadi chumbani. Nilisikia kisigino cha dada kikiburuzwa sakafuni. Nilibisha mlango nikiwa na kikombe cha maji ya sukari mkononi. "Anapumzika, shemeji," akanijibu kutoka ndani, sauti imetulia, kama ya mtu aliye dukani.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimeona kwa macho yangu, mwanzo hadi mwisho.

Saa kumi na moja kasorobo. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Dada alikuwa anakaanga sambusa, mimi nachuja juisi ya ukwaju. Ridhiwani aliingia, akavua viatu, akavipanga. Akamsalimia Severa aliyekuwa uani, akamuuliza kazi. Severa akaenda zake kupeleka sare za kwaya. Ridhiwani akamsindikiza kwa macho mpaka mlango wa mbele ulipofungwa, akaenda akauwekea komeo. Akarudi, akatazama sambusa.

"Nani kakwambia utie pilipili?"

"Jana ulisema—"

Alimpiga ngumi ya tumbo. Si usoni. Dada alikunjika, naye akamshika bega ili asiangukie karai la mafuta. Nasema alimshika: kwa mkono wa kushoto alimzuia asiungue, kwa wa kulia akampiga tena, chini ya mbavu, pale ambapo gauni hufunika. Alipiga kama anavyokata nyama, anajua kiungo kiko wapi.

Kisha akanigeukia akakaa kwenye kigoda. "Sukari imeshuka, shemeji. Nipime." Akaninyooshea kidole mwenyewe.

Kidole kilikuwa kikavu. Hakikutetemeka. Nilimchoma, nikasubiri sekunde tano.

6.4.

Nikafuta, nikachoma kingine. 6.3. Ni sukari ya mtu mzima kabisa. Yangu mwenyewe, niliyefunga kama yeye, isingekuwa nzuri hivyo.

"Ngapi?" akauliza.

Nikamwambia, "Tatu."

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kuandika. Nilimkorogea maji ya sukari kwa mkono wangu, na yeye aliyekataa kula mchana hata kwa amri ya daktari akanywa yote, saa moja na nusu kabla ya magharibi, akalamba na mdomo. "Mgonjwa ana ruhusa," akasema. Akatabasamu.

Chumbani nimetandaza chati. Tangu mfungo uanze, matukio saba. Niliyopima kabla ya leo: moja, ile ya kwanza. Hizo tano za katikati nilizijaza mimi. Kila alasiri niliyopima baada ya hiyo ya kwanza ilikuwa kati ya tano na saba. Hajampiga hata siku moja Severa akiwa uani. Nimewafundisha wanafunzi miaka miwili kwamba anayekadiria ili grafu ipendeze ni mwongo.

Nilimfuata dada alipokuwa anaosha vyombo. "Ilikuwa 6.4," nikamnong'oneza.

Hakuacha kusugua sufuria. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tatu, mdogo wangu, mimi ndiye ninayepigwa. Siku ile ya kwanza mkono wake haukuwa na shabaha, ulikuwa unapapasa tu. Sukari ikimshuka ananipiga popote. Akiwa mzima ananipiga pasipoonekana."

"Mbona hukusema kikaoni?"

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa na karatasi."

Jumapili, 31 Machi

Nilimsubiri shemeji arudi kutoka msikitini, nikamwambia mlangoni: "Jana ilikuwa 6.4. Jumatano na Alhamisi pia hukuwa na kitu. Nitawaambia wazee."

Hakutazama pembeni safari hii. Alinipiga kofi la uso, la pili, akanishika ushungi akanigongesha kwenye kizingiti. Nina meno yote, ila sikio la kushoto linalia mpaka sasa. Nguo zangu alizitupa barabarani, kwenye maji. Vitabu pia. Muuza ndizi akanisaidia kuviokota.

"Rudi kwenu ukafundishe wajinga wenzio," akasema. "Dada yako yuko kwa mumewe."

Niko Magomeni kwa mjomba. Mjomba anasema tusubiri Idi, kama ilivyoamuliwa. Nimemwonyesha sikio. Anasema, "Kijana kakasirika, umemuumbua mwezi mtukufu." Mzee Shaibu kwenye simu alikuwa mkali zaidi: "Binti, juzi umetuambia ni sukari. Leo unatuambia si sukari. Tushike lipi?"



Jumatatu, 1 Aprili

Dada amenijibu ujumbe: "Niko salama." Si maandishi yake. Dada huandika "niko poa".

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Simu yake inaita, haipokelewi.

Jumatano, 3 Aprili

Nilikwenda. Ridhiwani alikuwa amesimama nje na wateja wawili, anacheka nao. "Amelala," akasema. "Karibu futari, shemeji," huku amejaa mlangoni. Niliondoka. Sikupiga kelele. Nimejiuliza usiku kucha kwa nini sikupiga kelele.

Alhamisi, 4 Aprili

Simu imezimwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Saa nne asubuhi Severa alipiga.

"Mwalimu, njoo, shemeji yako yuko buchani. Dada yako tangu juzi hajatoka. Chumba kina kufuli kwa nje. Nilidhani kasafiri, kumbe nasikia anagonga ukuta."

"Anagonga vipi?"

"Taratibu. Kama kwa kiwiko."

Nilielewa neno kiwiko. Nikaacha viatu.

Jangwani ilikuwa imefungwa, maji yamefunika daraja. Bodaboda akanizungusha kwa barabara ya Kawawa, akanishusha Ilala maana injini ilimeza maji. Nikakimbia peku hadi Sikukuu, nakohoa, namsukuma kila mtu. Mwanamke mmoja alinitukana hadi nikapotea machoni pake.

Severa alikuwa na mchi wa kinu mkononi. "Nilikuwa nakusubiri wewe ndugu," akasema, "wasije wakasema nimevunja nyumba ya watu." Tulipokezana. Kufuli lilikuwa gumu, misumari ya pete ya mlangoni ndiyo iliyoachia. Pigo la tisa au la kumi.

Dada alikuwa sakafuni. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekakamaa, vidole vimenyooka na kubanana, kidole gumba kimelala ndani, viganja vimepindia chini, kama mtu anayejaribu kuvaa bangili ndogo. Ndiyo maana aligonga kwa kiwiko. Miguu nayo ilikuwa imekunjwa vivyo hivyo. Alikuwa anavuta pumzi kwa mlio wa filimbi. Ukutani, kwenye chokaa, kulikuwa na duara la damu.

"Kopo," akasema. Midomo haikufunguka vizuri. "Kachukua kopo. Jumanne. Kasema muulize mwalimu."

Severa alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Mimi nilitangulia nasimamisha magari kwa mikono miwili.

Hospitalini walimwekea kalsiamu kwenye mshipa, taratibu, daktari ameshika mapigo yake. Nikaona vidole vikilegea kimoja kimoja. Ilichukua karibu nusu saa. Daktari, msichana wa rika langu, akauliza nani alimkatiza dawa. Dada akanitazama. Nikasema: "Mume wake. Nilimfundisha mimi." Daktari akaniambia nirudie, nikarudia, akaandika sentensi ya kwanza tu.

Sukari inaposhuka mtu hupotewa na akili kwa dakika, pengine saa. Ikibaki chini siku nne, ni maiti. Hakuna homoni inayoficha kopo Jumanne na kusubiri Jumamosi.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekaa kitandani pake. Siwezi kusoma.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Dada ametoka, yuko Magomeni. Mke wa mjomba amepika biriani, dada amekula vijiko vitano. Mjomba Abbasi alimwona mikono na viwiko, akatoka nje, akakaa kwenye gari bovu la jirani saa nzima. Aliporudi alisema, "Nitamwita Shaibu."

Jumatatu, 15 Aprili

Tumekwenda polisi, dawati la jinsia. Faili limefunguliwa. Ridhiwani anasambaza Kariakoo yote kwamba mkewe alisahau dawa kwa uzembe, na kwamba mwalimu wa homoni ana wivu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mzee Shaibu amekubali kuja, Jumapili saa tisa. Ameniambia kwenye simu: "Nitakuja kusikiliza. Lakini safari hii sitaki karatasi."

Jumapili, 21 Aprili

Saa nane na nusu Mzee Shaibu alifika, analalamikia maji. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia "Marahaba" bila kunitazama. Mjomba aliingiza kandambili zao ndani zisisombwe. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba walipoketi sebuleni walilazimika kusogeleana ili wasikilizane. Dada alimimina chai. Walikuwa wanamsubiri Ridhiwani.

Mzee alimwambia dada: "Mwanangu, kabla hajaja. Una hakika hukulipoteza hilo kopo? Namjua kijana huyu tangu anatambaa."

"Akija muulize yeye," dada akasema.

Saa tisa na robo nilisikia kitu kinakwaruza dirisha la jikoni, upande wa uani. Nikaenda. Alikuwa Ridhiwani, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, kanzu imegandana mwilini. Tangu Ijumaa alikuwa anafunga zile sita za baada ya Idi, mke wa mjomba alisikia msikitini. Na mtu wa kumkumbusha apunguze dozi hakuwepo tena.

"Mama Zuhura," akaniita. Hilo ni jina la marehemu mama yake. "Mama, mlango wameuhamisha."

Midomo myeupe. Macho wazi, hayamwoni mtu. Magoti yanaachia, anajivuta tena kwa nondo. Alikuwa analia bila kujua kwamba analia. Hakumtukana mtu. Hakuinua mkono.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kweli, au ile nyingine?"

"Kweli. Hii ni mbaya."

Tukamtazama. Nitaandika yote. Nilihesabu moyoni ni dakika ngapi zingetosha. Niliona jinsi ambavyo isingekuwa kosa la mtu: mvua, mfungo, insulini. Kila daktari angesaini. Mkono wangu ulikuwa karibu na birika, na haukusogea.

"Mpe," dada akasema.

"Dada."

"Mpe, Tatu. Akifa leo ni mume wangu. Sina miezi minne na siku kumi za kumkalia huyu eda ya kifo."

Nilijaza glasi chai ya maziwa, nikatia vijiko sita vya sukari, nikapoza kwa maji, nikaipitisha katikati ya nondo. Nilimshikia. Ilimwagikia kidevuni, nyingine ikaingia. Nikajaza ya pili. Akakaa chini ya mchirizi wa bati, glasi mapajani. Nilimtazama dakika kumi, kumi na mbili. Nimeona wanafunzi wakielewa somo, uso unavyobadilika. Ndivyo alivyorudi. Kwanza midomo ilipata rangi. Kisha akafuta kidevu. Kisha akajua yuko wapi. Akasimama, akaniona mimi, na sukari ikiwa imerudi pahali pake sawasawa, akanitemea mate kupitia dirisha.

"Yuko wapi?"

Nilifuta mate kwa ushungi.

"Yuko wapi malaya wako? Mnanifungulia faili mimi?" Akazunguka kwenda mlango wa mbele. Hakuona kandambili nje, akadhani wazee hawajafika. Hakusikia wanaume ndani, kwa lile bati.

Teke la kwanza lilitikisa kalenda ukutani. Mzee Shaibu aliinuka. Dada akafika mbele yake, akaweka kiganja hewani.

"Baba, kaa. Sikiliza."

Teke la pili. "Fungua, Moza! Unadhani hapa ni hospitali?"

"Kijana amechanganyikiwa," mzee akanong'ona. "Sukari..."

"Amekunywa chai sasa hivi, glasi mbili," nikasema. "Alikuwa mpole kabla."

Teke la tatu, ubao wa chini ukapasuka, maji yakaingia. "Nilikuchukulia kopo tu ukajifanya unakufa! Safari hii sichukui kopo. Nachukua shingo!"

Mjomba Abbasi alikuwa ameshika kiti. Mzee Shaibu alitazama ule ufa, akatazama viwiko vya dada, ambavyo alikuwa hajavitazama tangu afike. Akavuka maji, akatoa komeo.

Ridhiwani alikuwa na mguu juu. Aliushusha. Nilimwona akitafuta uso wa kuvaa, na akaupata haraka sana.

"Baba mdogo. Shikamoo. Sukari imenishuka."

Mzee hakuitikia. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akinyimwa marahaba.

"Mwache binti wa watu," akasema. "Sasa hivi. Hapo hapo ulipo."

"Baba mdogo, mimi ni mgon—"

Mzee Shaibu alimpiga kofi. Kofi la mzee wa miaka sabini, halikuwa na nguvu, lakini lilisikika kuliko mvua. Majirani walikuwa wameshatoka vibarazani. Ridhiwani aliwatazama wote, na ngumi yake ya kulia ikajifunga, ikafunguka. Kulikuwa na watu wengi mno. Akasema talaka, moja, kwa sauti ya chini.

"Sijasikia," dada akasema kutoka ndani. "Taja na jina langu, majirani wajue ni nani."

Akalitaja, na la baba yetu.

Dada aliufunga mlango. Kwa sababu ubao ulikuwa umepasuka, tuliendelea kuona miguu ya Ridhiwani kwa muda, imesimama kwenye maji, mpaka ilipoondoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Polisi wameitaka taarifa ya Severa na ya Mzee Shaibu. Mzee amesema atakwenda.

Dada ameanza eda. Amelala mpaka saa tano asubuhi, mlango wa chumba wazi. Nilipita mara nne kutazama kifua kama kinapanda, vidole kama vimelegea. Mara ya nne akasema, bila kufumbua macho:

"Tatu. Acha kunipima."